Studio au saa za mhadhiri? Wanachothamini wanafunzi wa uzamili katika masomo ya mtandaoni

Swali: Mimi ni mratibu wa programu ya uzamili ya usimamizi wa elimu katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Kuanzia muhula ujao programu yetu itafundishwa mtandaoni, na wanafunzi wengi watasoma huku wakiendelea na kazi zao. Tumetengewa fedha kidogo za maandalizi, na wenzangu wanapendekeza zote zitumike kujenga chumba cha kurekodia video chenye kamera nzuri. Mimi nina mashaka. Je, wanafunzi wa ngazi hii huyapima masomo ya mtandaoni kwa kitu gani hasa, na fedha hizi zianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, mashaka yako yana msingi, na ningekuwa mimi ningeyataka yaandikwe katika kumbukumbu za kikao kabla fedha hazijatoka. Kwa miaka yote niliyofundisha na kusimamia tasnifu za wanafunzi wa masafa katika jiji hili, sijakutana na mwanafunzi wa uzamili aliyeacha masomo kwa sababu sura ya mhadhiri ilionekana hafifu kwenye video. Walioacha, nao ni wengi, waliniambia mambo yanayofanana: rasimu ya sura ya kwanza iliyowasilishwa Februari ikarudi Julai, ratiba iliyobadilishwa adhuhuri ya siku yenyewe ya kipindi, barua pepe nne zilizopita bila jibu. Ukiniuliza wanathamini nini kuliko vyote, nitasema ni mwalimu anayejibu, tena anayejibu kwa wakati ambao mwanafunzi aliujua tangu mwanzo wa muhula. Mengine mengi nitakayokueleza yanazunguka hapo.

Ukiwauliza wanafunzi wenyewe siku ya kwanza, wengi watakutajia uhuru wa kusoma wakati wowote na mahali popote. Hawadanganyi, kwa maana ndiyo sababu iliyowafanya wajisajili. Hata hivyo, inafaa kusikiliza maana wanayoipa kauli hiyo. Namkumbuka naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya upili upande wa Athi River, mama wa watoto watatu, ambaye alikuwa akiamka saa kumi na nusu alfajiri, akasoma hadi saa kumi na mbili kasoro robo, kisha akaanza kuwaandaa watoto. Jioni alisikiliza mihadhara kwa simu ndani ya matatu, sikio moja kwa mhadhiri na jingine kwa makanga, gari likitambaa katika Barabara ya Mombasa. Siku moja alinionyesha daftari lake. Pembeni mwa kurasa alikuwa ameandika dakika tu: 12:40, 31:05, 44:10. Hizo ndizo sehemu za mhadhara alizokusudia kuzirudia akifika nyumbani, kwa sababu gari linapoyumba huwezi kuandika zaidi ya tarakimu chache.

Kwa mtu kama huyo, uhuru maana yake ni kalenda nzima ya muhula mkononi katika wiki ya kwanza, na kalenda hiyo isisogee. Mhadhiri anayeahirisha tarehe ya kuwasilisha kazi kwa wiki moja hudhani amewatendea hisani wanafunzi wote. Kumbe yule aliyekwisha kuomba ruhusa kazini ili aimalize kazi hiyo wikendi hii amepoteza ruhusa yake, na wiki ijayo ana wageni wa ukaguzi. Kwa kuwa wanafunzi wako wengi watakuwa walimu na wakuu wa shule, usiweke kazi yoyote nzito katika wiki za KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, wala katika wiki ya kufungua shule. Jambo hilo halihitaji hata shilingi moja ya bajeti yako, na nakuhakikishia kwamba watalitaja katika tathmini ya mwisho wa muhula kabla ya kutaja kamera yoyote.

Sasa nije kwenye lile la kujibu, kwa sababu ndilo lenye kina. Michael G. Moore, profesa wa Marekani ambaye katika miaka ya 1960 alifanya kazi ya elimu ya watu wazima hapa Afrika Mashariki, alijenga hoja kwamba umbali katika masomo ya masafa haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa kiasi cha mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi, na kwa kiasi ambacho muundo wa kozi unabana au unaruhusu mazungumzo hayo. Mwanafunzi anayeketi safu ya mwisho katika ukumbi wa watu mia tatu anaweza kuwa mbali na mwalimu kuliko yule aliye Lodwar anayepata maelezo ya kina kila baada ya wiki mbili. Mwaka 1989 Moore huyo huyo aligawa maingiliano ya mwanafunzi katika mafungu matatu, yaani na maudhui, na mwalimu, na wanafunzi wenzake. Na mwaka 2003 Terry Anderson wa Kanada akaongeza kwamba iwapo moja kati ya hayo matatu litafanywa kwa kiwango cha juu, mengine mawili yanaweza kupunguzwa bila kuharibu elimu. Ninaitaja hoja hiyo ya Anderson kwa makusudi, kwa sababu inakuruhusu wewe mwenye bajeti ndogo kuchagua. Usijaribu kufanya yote matatu nusunusu. Kwa wanafunzi wa uzamili, na hasa wanapofikia kuandika tasnifu, chagua mwalimu.

Lakini si kila jibu ni jibu. Nitakupa mfano wa maoni mawili niliyowahi kuyaona katika rasimu moja, yameandikwa na wasimamizi wawili. Wa kwanza aliandika pembeni mwa aya: «Panua zaidi.» Wa pili, kwenye aya hiyo hiyo, aliandika: «Hapa unasema walimu wakuu wa kaunti nzima, lakini sampuli yako ukurasa wa 31 ina shule za mjini peke yake. Ama upunguze dai, ama uongeze shule za vijijini. Mimi ningepunguza dai, kwa sababu muda uliobaki hautoshi kurudi nyanjani.» Mwanafunzi alikaa wiki tatu akipanua aya kwa ajili ya msimamizi wa kwanza, akaiongezea kurasa nne za nukuu ambazo baadaye zilifutwa zote. Maoni ya msimamizi wa pili aliyamaliza kwa jioni mbili. Nilipomuuliza ni lipi lililomsaidia katika yale ya pili, hakutaja urefu wake wala ukali wake. Alisema ni ule mstari wa mwisho, ambapo msimamizi alichukua msimamo na kumwambia angefanya nini yeye mwenyewe. Mtu mzima aliyezoea kufanya maamuzi kazini hapendi kubembelezwa, ila hufurahi anapopata mtu wa kushauriana naye.

Kuna njia nyepesi ambayo wahadhiri wengi bado wanaidharau, nayo ni kurekodi maoni kwa sauti. Dakika nne za sauti zinazotumwa pamoja na rasimu iliyowekwa alama huwa na maelezo mengi kuliko ukurasa mzima wa maandishi, hazimalizi data, na mwanafunzi husikia kwamba unamkosoa bila kumdharau, jambo ambalo maandishi mekundu hayawezi kulionyesha. Wapo wanafunzi ambao huhifadhi sauti hizo kwa miaka.

Nami si msafi katika hili. Miaka kadhaa iliyopita niliishikilia sura ya pili ya mwanafunzi mmoja kwa wiki tisa, nikiwa nimezama katika kusahihisha mitihani, na kila wiki nikijiambia kwamba Ijumaa nitaimaliza. Nilipoimaliza hakunijibu. Nilipompigia simu aliniambia kwa upole, bila lawama yoyote, kwamba fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya karo ya muhula uliofuata amezipeleka kwenye karo ya mtoto, kwa kuwa aliona kama mimi mwenyewe nimekwisha kukata tamaa naye. Tangu siku hiyo huwaambia wanafunzi wangu idadi ya siku katika wiki ya kwanza: siku tatu kwa swali, siku kumi na nne kwa sura. Zikipita, wana ruhusa yangu ya maandishi kumwandikia mratibu. Ni ajabu jinsi ruhusa hiyo inavyotumika mara chache, lakini uwepo wake unawatuliza, nami unaninyima usingizi kidogo.

Kuhusu wanafunzi kwa wanafunzi nitakuwa mwangalifu, kwa sababu hapa ndipo programu nyingi hujidanganya. Mwaka 2000 Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer walieleza kwamba elimu ya mtandaoni yenye mafanikio hujengwa juu ya uwepo wa aina tatu: uwepo wa kufundisha, uwepo wa kijamii na uwepo wa kufikiri. Vyuo vingi vilichukua ule wa kijamii vikaugeuza kuwa kanuni ya kila wiki: andika maoni moja, kisha wajibu wenzako wawili, upate alama tano. Ukitaka kuona matokeo yake fungua jukwaa lolote la aina hiyo usiku wa Jumapili, dakika ishirini kabla ya muda kwisha, uhesabu ni mara ngapi utasoma «Nakubaliana na mwenzangu kabisa». Wanafunzi wa uzamili hulichukia zoezi hilo, na wana haki. Kinachowafaa ni kundi dogo la watu wanne au watano wenye mada zinazokaribiana, wanaokutana kila baada ya wiki mbili kwa saa moja, kila mmoja akiwa amesoma kurasa tano za mwenzake. Kundi la WhatsApp watalianzisha wenyewe bila kuambiwa. Waachie, wala usijiingize humo, kwa maana wanahitaji mahali pa kukulalamikia.

Ikiwezekana, waite wote chuoni kwa siku mbili mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Mtu uliyewahi kunywa naye chai huwezi kumwacha bila jibu mtandaoni kwa urahisi, na hilo linatuhusu wahadhiri pia.

Tuje sasa kwenye video, ambayo ndiyo chanzo cha swali lako. Wenzako huenda wakakutajia utafiti wa Philip Guo na wenzake uliochapishwa mwaka 2014, uliochunguza vipindi milioni 6.9 vya kutazama video katika kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, na kuonyesha kwamba watazamaji huanza kupungua video inapozidi dakika sita. Ni utafiti mzuri, ila ulihusu kozi za wazi ambazo mtu hujiunga na kuondoka apendavyo. Mwanafunzi wako amelipa karo, na atatazama hata dakika hamsini ikiwa zina kitu. Utafiti huo huo uligundua pia kwamba video za kawaida, ambazo mwalimu anaonekana kama anazungumza na mtu mmoja ofisini kwake, zinaweza kushinda zile za studio zilizogharimu fedha nyingi. Hiyo ndiyo sehemu ningeisoma kwa sauti katika kikao chenu.

Kisha kuna gharama ambayo haionekani katika bajeti ya chuo kwa sababu inalipwa na mwanafunzi. Saa moja ya mkutano wa video huweza kula mamia ya megabaiti, na picha ikiwa na ubora wa juu ikapita gigabaiti moja. Saa hiyo hiyo kwa sauti peke yake hutumia makumi tu ya megabaiti. Kwa hiyo kila mhadhara uwe na toleo la sauti na slaidi zake katika faili nyepesi, na usimlazimishe mtu kufungua kamera. Kama chuo chako kinatumia Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni ambayo Martin Dougiamas aliitoa bure kwa ulimwengu mwaka 2002, wafundishe wanafunzi katika wiki ya kwanza kwamba programu yake ya simu inaruhusu kupakua maudhui ukiwa penye Wi-Fi na kuyasoma baadaye bila mtandao. Nimeona wanafunzi wakimaliza mwaka mzima bila kulijua hilo.

Stima nayo haitabiriki, na lazima kanuni zako zilitambue jambo hilo. Nilikuwa mjumbe wa jopo wakati mwanafunzi mmoja alipotetea pendekezo lake la utafiti akiwa ndani ya gari lililoegeshwa karibu na kituo cha mafuta, simu imeegemezwa kwenye usukani na chaja imechomekwa kwenye tundu la gari, kwa sababu mtaa wao wote ulikuwa gizani. Alijibu maswali vizuri kabisa. Mjumbe mmoja alitaka kikao kiahirishwe kwa kuwa mazingira hayakuwa ya heshima. Mwenyekiti alikataa, na mpaka leo namheshimu kwa uamuzi huo. Andikeni mapema katika mwongozo wenu kitakachofanyika mtandao ukikatika katikati ya mtihani au utetezi, ili mwanafunzi asiachwe kutegemea huruma ya mtu.

Maktaba, wengi huisahau, ilhali kwa ngazi hii ni ya pili baada ya msimamizi. Vyuo vyetu hulipia majarida mengi ya kitaaluma kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba za Kenya, KLISC, lakini mara nyingi makala hufunguka ukiwa tu katika mtandao wa chuo. Mwanafunzi aliye Kitui anapobofya makala na kuombwa alipe dola thelathini, hufanya mojawapo ya mambo mawili: anasoma muhtasari peke yake na kuunukuu kana kwamba amesoma makala nzima, au anatafuta njia za uchochoroni. Hakikisha kila mwanafunzi ana jina na nywila ya kuingia maktabani akiwa nyumbani kabla ya mhadhara wa kwanza, na umwombe mkutubi awape kipindi kimoja cha vitendo kuhusu kutafuta makala na kutumia Zotero, programu ya bure ya kupanga marejeleo. Kipindi hicho kimoja kitawaokolea majuma ya kupanga marejeleo kwa mkono.

Kuna pia mambo ya ofisi, ambayo nitayapitia haraka. Wanafunzi wanataka kulipa karo na kuona stakabadhi bila kusafiri hadi mjini, kujisajili bila fomu ya kutia saini mikononi mwa watu watano, na kujua faili yao iko kwa nani. Wanapofikia utafiti, wanahitaji kuelekezwa mapema kuhusu idhini ya maadili na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambacho huombwa mtandaoni, kwa sababu asiyeambiwa hadi mwaka wa pili hupoteza muhula mzima. Na wote, hata wasipokuuliza, wanataka kuwa na hakika kwamba shahada yao haitatazamwa kama ndugu mdogo wa ile ya darasani. Kufunguliwa kwa Chuo Kikuu Huria cha Kenya mwaka 2023 kumesaidia kuizoesha jamii wazo hilo, lakini mwajiri atakayemhoji mwanafunzi wako atamuuliza kuhusu kazi aliyoifanya, hivyo viwango vya tasnifu visilegezwe hata kidogo kwa kisingizio cha mtandao.

Huwa nashangaa tunavyoyazungumza haya kana kwamba yalianza Machi 2020, serikali ilipofunga taasisi za elimu na wahadhiri wakajikuta wakihutubia skrini zenye majina tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilichokuwa Kikuyu kiliwafundisha walimu wa shule za msingi kote nchini kwa vijitabu na redio. Mwalimu aliituma kazi yake kwa posta, na aliyekaa kuisubiri dirishani alikuwa na hofu ile ile aliyo nayo mwanafunzi wako anayefungua barua pepe yake mara sita kwa siku. Bahasha ikirudi na maandishi ya mkono pembeni, masomo yaliendelea.

Kuhusu fedha zako, basi, ningezigawa hivi. Kwanza, nunua maikrofoni nzuri kwa kila mhadhiri, kwa maana watu huvumilia picha mbaya lakini hawavumilii sauti mbaya. Kiasi kidogo kiende kwenye siku mbili za kukutana na kwenye kipindi cha mkutubi. Sehemu kubwa kuliko zote, hata kama itawashangaza wenzako, ilipie saa za wahadhiri: ama kwa kumpunguzia kila msimamizi kipindi kimoja cha kufundisha, ama kwa kumwajiri msaidizi mwenye shahada ya uzamivu atakayesoma rasimu za awali, ili zile siku kumi na nne ziwe ahadi inayotekelezeka. Bila muda uliolipiwa, ahadi hiyo itavunjika ifikapo wiki ya tano.

Na ikifika wiki ya sita ya muhula, uwaandikie wanafunzi wote ujumbe mfupi wenye swali moja tu: unasubiri nini kutoka kwetu, na tangu lini? Uyapange majibu kwa majina ya wahadhiri, kisha uanze na yule mwenye orodha ndefu kuliko wote. Mwaka niliojaribu zoezi hilo kwa mara ya kwanza, jina hilo lilikuwa langu.